Chumba Kisicho na Msumari

Asubuhi ya mwisho haikuwa na alama yoyote. Mlinzi alirudi kutoka lindoni saa moja kasoro, rungu kwapani, miguu imevimba ndani ya buti. Mkewe alikuwa ameshaepua maji ya kuoga. Aliyapima kwa kiwiko, kama anayemwogesha mtoto.

"Haya bwana mkubwa, kaoge. Unanuka saruji."

"Saruji hiyo ndiyo inatulisha."

"Itulishe, lakini isipande kitandani kwangu."

Mlinzi alilinda ghala la vifaa vya ujenzi, zamu ya usiku, mwaka wa kumi na moja sasa. Akaoga, akarudi, akakuta chai na mkate. Mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, shati la kazi mapajani, anakaza kifungo kilicholegea.

"Mwizi alikuja?"

"Alikuja paka."

"Ukamfanya nini?"

"Alinifanya yeye. Kala mkate wangu wote."

Mkewe alicheka mpaka uzi ukamtoka mdomoni. Kisha akainuka, akafanya yale aliyoyafanya kila asubuhi. Akavuta pazia. Akailaza saa ya mezani chali juu ya vitambaa isipige kelele. Giza likajaa chumba kizima, saa moja na nusu asubuhi, jua limewaka nje.

"Leo umezidisha," mlinzi akasema. "Hata mkono wangu siuoni."

"Mimi nimeuona miaka arobaini, unatosha. Lala."

Mlango ukafungwa bila sauti. Hawakuagana. Nani anaagana na mtu anayekwenda mtaa wa pili kushona vifungo?

Aliamka saa tisa alasiri. Alipofungua mlango alimkuta jirani, shoga wa mkewe, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Uani wote walimwita Mama Redio, maana hakuwa na swichi ya kuzima. Siku hiyo alikuwa kimya.

"Shemeji," akasema, "mwenzio alipata kizunguzungu kazini. Yuko zahanati."

Mlinzi akaenda na kandambili mguu mmoja, mguu mwingine kiatu. Nje ya zahanati alimwona fundi cherehani, tajiri wa mkewe, amesimama na futi yake ya utepe shingoni, anaizungusha vidoleni. Fundi alipomwona, akageuka akatazama ukuta. Hapo mlinzi akajua. Wengine waliyamalizia kwa maneno: moyo ulisimama, saa saba na nusu.

Wakazika kesho yake. Makaburini, mbele za watu, mlinzi alimgeukia Mama Redio. "Kwa nini hukunigongea?"

Watu wakageuka. Mama Redio akatazama huku na huku.

"Saa tano nimegonga, shemeji," akasema. "Nimegonga mpaka vidole vikauma."

Hayo ndiyo maneno aliyorudi nayo nyumbani.

Alikaa nayo siku tatu. Watu walipokwisha kuondoka, siku ya nne, alisimama katikati ya chumba akaanza kung'oa.

Chumba hicho walikipanga wakiwa hawana kitu. Ukuta ulikuwa na masizi ya mpangaji aliyetangulia. Dirisha lilitazama jua linapochomoza. Mlango ulikuwa wa mbao nyembamba, ukikohoa nje unasikika kitandani. Na mwenye nyumba alikuja na sharti moja tu: asione msumari ukutani. Msumari mmoja, siku hiyo hiyo wanahama. Hata picha ya harusi aliwaambia waiweke chini. Ndiyo maana wakampa jina la Bwana Msumari, ingawa hakuwahi kuwa na hata mmoja.

Wiki ya kwanza mlinzi alilala na suruali usoni. Hakulala. Usiku akasinzia getini, msimamizi akamkuta, akamwambia akirudia asirudi. Aliposimulia nyumbani, mkewe akalitazama dirisha. Kesho yake alirudi kutoka kazini kwake na mfuko. Alikuwa mmaliziaji wa fundi: vifungo, pindo, kuchana nyuzi. Vipande vinavyoanguka chini ya meza jioni hufagiliwa vikatupwa. Yeye akaomba afagie mwenyewe.

Kwa takataka hizo akatengeneza chumba. Pazia lilikuwa la mikunjo mitatu: nje gunia la sukari, katikati sufu ya makoti, ndani bitana za kila rangi zilizoungwa kipande kwa kipande. Kila kipande kilikuwa kikubwa kama kiganja. Lilining'inia kwenye mpini wa ufagio, uliokatwa ukazidi upana wa dirisha kwa unywele, na kila ncha kavalishwa mpira wa tairi la baiskeli. Ulikazana wenyewe kati ya kingo mbili. Msumari wa nini? Ukutani alibandika karatasi za kaki ambazo fundi alikatia vipimo, kwa uji wa unga wa ngano wenye chumvi, mende wasije wakala ukuta. Juu ya kitanda alipanga viraka vya sampuli za suti, kutoka cheusi mpaka cheupe, kama ngazi. Kingo za mlango akazizungushia sufu. Chini ya mlango akalaza mguu wa suruali uliojazwa vitambaa, akaushonea vifungo viwili vya macho. Mlinzi akauita Nyoka. "Nyoka yuko kazini?" huuliza kabla ya kulala. "Yuko zamu," hujibiwa.

"Hizi rangi za nini," aliwahi kumwuliza mkewe, "na mimi nalala gizani?"

"Kwani humu unaishi peke yako?"

Vitu hivyo vyote aliving'oa kwa kucha. Karatasi zilitoka na plasta. Pazia alilivuta likachanika mshono wa kati. Nyoka alimrusha uani, watoto wakakimbia. Akavisokomeza vingine guniani, akafunga mdomo wa gunia kwa utepe ulioangukia mkononi, akalitupa nyuma ya choo.

Kichwani alikuwa na jambo moja. Mkewe alikuwa hai saa tano. Mtu kaja, kagonga mpaka vidole vikauma. Na yeye kalala fofofo, kama gogo, ndani ya giza alilotengenezewa kwa mapenzi.

Chumba kikabaki kitupu. Jua likaingia mpaka mvunguni. Usingizi ukakata. Alikaa kitandani asubuhi nzima macho makavu, usiku akaenda kazini akitembea kama mtu wa ndani ya maji. Msimamizi alimkuta amesimama amelala, paji la uso limeegemea lango, akamsamehe kwa ajili ya msiba.

Binti yao akapiga simu kutoka alikoolewa. "Baba, acha kazi. Njoo ukae kwetu."

"Nitakuja."

"Lini?"

"Nikishajua."

"Ukishajua nini, baba?"

Angemwambiaje? Alitaka kujua kama ni mlango au ni yeye. Kama mlango ule na sufu zile zilikuwa zinameza sauti, basi hakuna binadamu angesikia, na angeweza kujisamehe. Kama sauti ilipita na yeye akalala tu, basi mkewe alimwita naye hakwenda. Mtu wa hivyo hakai kwa mwanawe akipewa kikombe cha chai.

Na njia ya kujua ilikuwa moja. Chumba kirudi kilivyokuwa siku ile, alale, agongewe.

Akaenda nyuma ya choo. Mvua ilikuwa imenyesha juu ya gunia. Akafua kila kitu, akaanika kwenye kamba ya mkewe, wanawake wa uani wakimtazama bila kutania. Mshono wa pazia alishona mwenyewe. Alijidunga mara nyingi, mshono ukaenda kombo. Mpini wa ufagio ukamshinda. Akiukaza huku unachomoka kule, mara mbili ukamwangukia kichwani, mara ya tatu akakaa chini akalia, akaomba radhi kwa ufagio.

Uji wa kubandikia ukawa na mabonge. Karatasi zilishika jioni, asubuhi zimelala sakafuni. Akaenda kwa fundi.

"Mzee wangu, chumvi unaweka wakati gani?"

"Sijui. Mwisho?"

"Maji yakiwa baridi, kabla ya unga. Nilimwona akifanya pale kwenye jiko la pasi." Fundi akamkunjia karatasi mpya za kaki. Kisha akasita. "Kwani unapapamba kwa ajili ya nani?"

"Sipambi. Nataka kujua kitu."

Bwana Msumari naye akatokea. Alikuwa amesikia ukuta wake unagongwa.

"Mzee, hapa kuna nini?"

"Kagua."

Mwenye nyumba akapitisha kiganja ukutani, juu mpaka chini. Akapapasa mpini wa ufagio. Akaondoa mkono polepole.

"Kila mwaka nilikuja kutafuta tundu," akasema. "Marehemu alinikaribisha kiti akaniambia, tafuta baba, ukilipata tutagawana." Akataka kucheka, haikutoka. "Endelea, mzee."

Viraka vya suti vilimpa tabu kuliko vyote. Alijua vinaanza na cheusi, vinaishia na cheupe. Katikati palikuwa na vijivu saba, na kwa macho yake vyote vilikuwa kimoja. Miaka kumi na moja vilikuwa juu ya kichwa chake. Hakuwahi kuvitazama hata siku moja mpaka mwisho. Akavipanga, akavipangua. Hatimaye akamwita mtoto wa jirani mwenye macho mazuri; mtoto akampangia, akaenda zake kucheza.

Ikafika siku. Akamwambia Mama Redio, "Kesho saa tano uje ugonge. Kama siku ile."

Mama Redio akatazama chini. "Ya nini, shemeji? Aliyelala amelala."

"Njoo ugonge."

Kesho yake akarudi kutoka kazini, akaoga maji aliyojichemshia, akavuta pazia, akamweka Nyoka zamu. Giza likaja. Likamchukua, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Ko.

Akafumbua macho. Ko, ko. Alisikia vidole, akasikia na bangili ya Mama Redio ikicheza.

Akafungua mlango. "Nimesikia la kwanza."

Mama Redio hakusema kitu. Akaondoka, na kwa Mama Redio hilo halikuwa jambo la kawaida. Lakini mlinzi hakuliona. Aliona tu kwamba hakupata alichotaka. Sufu ya mlangoni haijabana, akajisemea. Akaongeza mkunjo. Siku ya pili akasikia tena. Akahamisha kitanda, maana labda kilikuwa karibu na ukuta ule mwingine. Siku ya tatu akafanya kazi ya kubeba saruji usiku kucha ili achoke kama punda, alale kweli. Akaamka kwa ko la kwanza.

Akakaa kitandani, mikono kichwani. Kwa hiyo ilikuwa yeye. Mlango ulipitisha. Masikio yalikuwa mazima. Siku tatu mfululizo anaamka kwa kugongwa kidogo tu, na siku ile moja, siku ile, aligongewa mpaka vidole vikauma, akalala. Akaona heri afe. Alisema hivyo kwa sauti, chumbani peke yake, na sauti haikwenda popote.

Ama kuna kitu hajarudisha. Akashika wazo hilo kwa meno. Akatafuta mvunguni, nyuma ya mlango, kwenye sanduku. Akarudi kwenye gunia tupu. Utepe aliofungia mdomo wa gunia ulikuwa mwekundu.

Ndiyo. Huo haukuwa wa ndani, ulikuwa wa nje. Mkewe aliufunga kwenye komeo kila alipotoka, na uani mzima ulijua: utepe ukiwa mlangoni, mlinzi amelala, asigonge mtu. Watoto walihamia upande wa bomba. Redio zilishushwa. Mara moja mwenye nyumba mwenyewe alikuja, akaukuta, akageuka akaenda kwa vidole vya miguu. Mlinzi hakuufikiria kwa sababu alikuwa akiusikia tu, hakuwahi kuuona mlangoni. Unapofungwa, yeye yuko ndani. Anapotoka, mkewe ameshautoa.

Utepe hauzuii sauti. Alilijua hilo. Lakini alikuwa mtu anayezama, akashika. Akaufunga kwenye komeo, akamwambia Mama Redio aje mara ya mwisho.

Asubuhi hiyo hakulala. Alijilaza macho wazi gizani, akisubiri. Akasikia hatua za Mama Redio zikija. Zikasimama mlangoni.

Kimya.

Akangoja. Yuko pale, anagonga, na mimi sisikii. Ndiyo hii! Sasa sisikii! Alitamani kumshukuru mtu. Akainuka, akapapasa komeo, akafungua.

Mama Redio alikuwa amesimama, mikono imeshuka ubavuni, macho kwenye utepe. Machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Umegonga mara ngapi?"

"Shemeji."

"Nakuuliza. Mara ngapi?"

"Sijagonga."

"Kwa nini?"

"Siwezi. Umeufunga." Akanyoosha kidole kwenye utepe, hakuugusa. "Mkono unakataa. Miaka yote hii, yeye ndiye aliyetufundisha. Siwezi."

Mlinzi akashika fremu ya mlango. Alichouliza baadaye alikiuliza polepole sana.

"Na siku ile?"

Mama Redio akaketi pale pale chini, kizingitini.

"Na siku ile pia."

"Ulifika saa ngapi?"

"Saa tano."

"Mimi nikafungua saa tisa."

"Saa tisa."

"Saa tano alikuwa hai?"

"Alikuwa hai. Alikuwa ananitania."

"Akafa saa saba na nusu." Mlinzi akahesabu kwa vidole, kama mtu asiyejua hesabu, na kweli hakuijua. "Masaa mawili na nusu. Wewe uko hapa kwenye ndoo. Mimi niko humo. Yeye yuko kule."

"Sikujua, shemeji. Naapa sikujua kama anakufa. Alikuwa anacheka."

Mkono wa mlinzi ukanyanyuka. Mama Redio aliuona, hakukwepa. Mkono ukabaki juu, haukujua uende wapi, ukarudi.

"Kwa nini ulisema umegonga?"

"Uliniuliza mbele za watu. Ningesema nini? Kwamba nilikaa?" Akajifuta pua kwa upindo wa gauni. "Halafu nikakuona unabandika na kubandua. Nikasema leo nitamwambia. Ikifika leo nasema kesho. Mimi, ambaye sijawahi kukaa na neno."

Kwa hiyo hakuitwa. Mlinzi alilishika jambo hilo, akalingoja limpunguzie. Halikupunguza. Kwanza alikuwa mtu aliyeitwa asiende. Sasa alikuwa mtu ambaye hakuna aliyemwita. Akaona hajui lipi zito. Akakaa chini naye, kizingitini, huyu upande huu, yule upande ule.

"Ni nani aliyekuambia usigonge? Huu utepe?"

"Si utepe tu."

"Nani?"

"Mwenyewe. Pale kwenye benchi la zahanati. Nilimwambia nakuja kukuamsha. Akanishika gauni."

"Alisemaje?"

"Alisema nisi..."

"La. Sema alivyosema yeye. Usiongeze, usipunguze."

Mama Redio akafumba macho. Alipoanza, sauti haikuwa yake, ilikuwa ya yule mwingine, na ukali wake, na kicheko chake cha chini kwa chini.

"'Wewe na hilo domo lako, kakae pale nje na usigonge. Mwache aamke mwenyewe, akishakunywa chai ndiyo umwambie, tena umwambie taratibu, maana mume wangu akisikia habari na tumbo tupu hutetemeka mikono, na sipendi watu wamwone.'"